Mkutano wa mtaa, grupu la WhatsApp au jina bandia: jambo la siasa ulipeleke wapi?

Mtu wa Uyole, Mbeya, mwenye neno la kusema kuhusu ushuru wa mazao, fedha za zahanati au namna uchaguzi ulivyokwenda ana njia tatu. Anaweza kusimama kwenye mkutano wa mtaa, akajitambulisha na kusema. Anaweza kuandika kwenye grupu la WhatsApp, ambako namba yake inaonekana na nusu ya wanachama wanamjua kwa sura. Au anaweza kufungua akaunti yenye jina la kubuni, iwe X, Telegram au JamiiForums, akasema bila mtu kujua ni mtoto wa nani.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya anayetaka kuchagua, hasa yule aliyeshikishwa uadmini wa grupu la wakulima, la wazazi wa shule au la mtaa, na anaona kila mjadala unaishia kwenye vyama. Msimamo wangu niuseme mapema. Kuficha jina peke yake hakuharibu mjadala. Kunaharibu pale jina linapotupwa leo na kesho likaokotwa jingine. Na jina halisi nalo linaharibu, tena vibaya, likiwekwa mbele ya mashabiki wa upande wake.

Mkutano: unayemsema yupo hapo

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Ubora wake hauna mshindani kwenye jambo moja: majibu. Mtendaji akiulizwa mifuko ya saruji ya zahanati iko wapi, anajibu watu wakimtazama usoni, na akianza kukohoa kila mtu anaona. Hakuna akaunti feki kwenye mkutano, wala mchangiaji anayejifanya wa Igawilo kumbe yuko Dar es Salaam.

Lugha nayo inatulia. Ukianza na "kamwene" au "shikamoo", ukamwita unayempinga "mzee wangu", ni vigumu sentensi inayofuata iwe tusi. Halafu mkutano hauhitaji bando. Intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, na kubaki hivyo kwa siku kadhaa, magrupu yenye majina na akaunti zisizo na majina vyote vilinyamaza pamoja. Watu waliendelea kuongea vibarazani.

Sasa upande wa pili. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti. Maana yake, karibu kila meza kuu ya mkutano wa kijiji au mtaa nchini inakaliwa na chama kimoja. Mwenyekiti anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mkazi wa upande mwingine anapiga hesabu zake: barua ya utambulisho ya kupeleka NIDA kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, barua ya mkopo, barua ya kumdhamini ndugu polisi, zote zinapita ofisi ile ile. Anaamua kukaa kimya, na kimya chake kinaingia kwenye muhtasari kama amekubali. Vijana wanabaki nyuma juu ya bodaboda zao. Akina mama wengi huanza kuongea mkutano ukishafungwa, njiani.

Ndiyo maana mkutano ni mzuri kwa kuuliza, ila ni mbaya kwa kupiga kura ya kunyoosha mikono. Wakenya walilionja hili mwaka 1988, pale wapigakura walipopangwa mstari nyuma ya wagombea kwenye mchujo wa KANU, chama tawala cha wakati ule, hadharani mchana kweupe. Hadi leo neno mlolongo huko linakumbusha mistari mifupi iliyotangazwa kuwashinda walio na mirefu. Uwazi haukuzuia wizi. Uliwafanya tu watu wajulikane nani alisimama wapi. Hapa kwetu, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza wananchi, takribani asilimia 80 walisema wanataka chama kimoja kiendelee, na 20 wakataka vyama vingi. Tume ikashauri vyama vingi hata hivyo. Mimi siku zote hujiuliza ni wangapi kati ya wale 80 wangejibu vile vile kwenye karatasi isiyo na jina.

Grupu la WhatsApp: majina yapo, staha haipo

Watu wengi huamini kwamba grupu la watu wanaojuana lazima litakuwa na heshima kuliko huko kwenye majina ya kubuni. Ukikaa ndani unaona kinyume. Anayeandika pale mara nyingi hamwandikii anayebishana naye. Anawaandikia wenzake wa chama wanaosoma kimya kimya, wamwekee dole gumba. Jina lake halimzuii kutukana, maana ndilo linalopokea sifa za tusi. Mmoja akishaitwa "chawa" na mwingine akaitwa "nyumbu", hakuna anayerudi tena kwenye ushuru wa mazao.

Hili si letu peke yetu. Watafiti watatu, Rost, Stahel na Frey, walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa maoni zaidi ya laki tano yaliyoandikwa kwenye jukwaa la Kijerumani la kukusanya saini za malalamiko. Waliotumia majina yao halisi ndio waliokuwa wakali zaidi. Mtu anayeamini anatetea haki haoni sababu ya kujificha, anataka aonekane.

Iringa Mjini ina kisa chake. Mchungaji Peter Msigwa alikuwa mbunge wa Chadema tangu 2010 hadi 2020, na mwaka 2024 akahamia CCM. Waliokuwa wakimwita shujaa wakamwita msaliti, na waliomtukana miaka kumi wakamkaribisha. Alichowahi kusema bungeni kuhusu Iringa hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni jezi. Grupu lenye majina hufundisha macho kutazama jezi kwanza.

Halafu kuna kura za grupuni. Chukua wakulima wa viazi wanaotaka kuamua kama wakatae lumbesa. Kwa asiyejua: gunia linajazwa, linaongezwa juu, linashonwa kwa kamba mpaka linakuwa na kilemba, nalo linalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inataka kifungashio kisizidi kilo 100, na kila mtu kuanzia Uyole hadi Makambako anajua lumbesa inapita hapo kwa mbali. Admini anaweka kura: "Tukatae au tuendelee?" Kwa kawaida kura ya WhatsApp inaonyesha nani kachagua nini. Ukigusa tu, majina yanajipanga. Na madalali wamo humo humo grupuni, wengine ndio waliowakopesha wakulima mbolea. Kura zinazoingia ni za madalali wenyewe na za mkulima mmoja mwenye gari lake. Waliobaki wanasoma, alama za bluu zinatokea, hakuna anayegusa. Kesho yake mtu anatangaza kwamba wakulima hawana tatizo na lumbesa.

Wapo wanaodhani wamejificha kwa kuingia na laini nyingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulifungwa Januari 20, 2020, kwa hiyo kila laini ina mwenyewe. Na kumjua hakuhitaji polisi. Namba ngeni ikiandika maneno makali, mtu anafungua menyu ya kutuma pesa, anaiweka ile namba na shilingi elfu moja, jina kamili linajitokeza kabla ya kuweka namba ya siri. Anaghairi muamala, anarudi grupuni, anaandika: "Kaka, tumeshakujua." Basi, mjadala umekwisha. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji tangu 2016, asiyehusika hausomi njiani, lakini usimbaji haumzuii mwanachama mwenzako kupiga skrinishoti.

Grupu hili lina faida moja ambayo siwezi kuibeza. Uvumi unaweza kufuatwa. Mtu akituma kwamba shule fulani ya Nzovwe inafungwa, kuna wa kumuuliza "nani kakuambia?", na aliyetuma anaona aibu akikosa jibu. WhatsApp wenyewe walisaidia kidogo: mwaka 2019 walipunguza usambazaji wa ujumbe hadi sehemu tano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabaki unapelekwa sehemu moja tu kwa mara. Kwa taarifa za maji, misiba, bei ya viazi leo sokoni, grupu la majina lishinde. Kwa siasa, ni uwanja wa mashabiki.

Jina bandia: lipi, la siku moja au la miaka?

Ukiuliza kwa nini watu wajifiche, hapa kusini jibu halihitaji maelezo marefu. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kijijini Nyololo, Mufindi, akiripoti shughuli ya Chadema. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Februari 2018, Joseph Mbilinyi, Sugu, akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa miezi mitano kwa maneno aliyoyasema mkutanoni. Julai 2024 mahakama ya Rungwe ilimhukumu kijana msanii miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni tano, kwa video ya TikTok iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais. Watu wakachangishana mtandaoni wakamlipia faini. Mwezi uliofuata ndugu zake walisema ametoweka. Wote hao walitumia majina na sura zao.

Kwa hiyo anayechagua jina bandia si lazima awe mwoga au mchochezi. Swali la maana ni jina la namna gani, na hapa ushahidi una mambo ya kuvutia.

Arthur Santana, mtafiti wa Marekani, alilinganisha maoni ya wasomaji wa magazeti kuhusu uhamiaji. Katika utafiti aliouchapisha 2014, takribani asilimia 53 ya maoni yasiyo na majina yalikuwa ya matusi, dhidi ya asilimia 29 kwa yenye majina. Wengi huishia hapo na kusema: mnaona? Ila gazeti la mtandaoni HuffPost lilipita hatua tatu, na watafiti Moore, Fredheim, Wyss na Beste wakazifuatilia. Kwanza, mtu aliweza kufungua akaunti yoyote na kuitupa. Kisha, Desemba 2013, kila akaunti ikatakiwa kuthibitishwa kupitia Facebook, lakini hadharani jina la utani likaruhusiwa kubaki. Mwaka 2014 wakahamia kwenye majina ya Facebook moja kwa moja. Ubora wa hoja ulipanda kwenye hatua ya pili, ile ya jina bandia la kudumu. Yalipokuja majina halisi, ukashuka tena.

Korea Kusini walikwenda kwa nguvu ya sheria. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha utambulisho wa kila anayetoa maoni. Mwaka 2011 wadukuzi wakachota taarifa za watumiaji milioni 35 wa Nate na Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria.

Jina la kudumu linafanya kazi kwa sababu lina cha kupoteza. Mtu aliyeandika miaka sita kwa jina moja la kubuni kuhusu kilimo cha mpunga Mbarali, akakosolewa, akarekebisha, ana heshima pale hata kama hujui anaitwa nani nyumbani. Akidanganya, anaichoma heshima hiyo mwenyewe. Akaunti iliyofunguliwa wiki mbili kabla ya kampeni haina cha kuchoma. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo kumi, zikabishana, zikakubaliana, wewe ukadhani umesikia sauti ya Mbeya nzima.

Ukitaka kujua kama akaunti ya kificho inastahili kusikilizwa, rudi nyuma kwenye maandiko yake. Je, iliwahi kuongea jambo lolote lisilo la chama? Iliwahi kusema "hapo umenishinda"? Inaijua sehemu inayodai inatoka? Anayejitambulisha kama mfanyabiashara wa Mwanjelwa kisha akaizungumzia Kabwe, iliyo jirani tu, kama safari ya nusu siku, mwache aende.

Gharama zake zipo. X iliacha kufunguka nchini bila VPN Mei 2025, na matumizi ya VPN yenyewe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka yatolewe taarifa tangu Oktoba 2023. JamiiForums ilizimika kwa wiki kadhaa Juni 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika, na Septemba 2025 leseni yake ikasimamishwa kwa siku 90. Jukwaa unalolitegemea linaweza lisiwepo wiki ambayo unalihitaji zaidi.

Redio niitaje kwa kifupi tu. Anayepiga simu studio na kujiita "Baba Neema wa Ilomba" yuko katikati: majirani wanaijua sauti, wengine hawaijui. Inafaa kwa malalamiko ya barabara na maji. Kwa siasa nzito mtangazaji hukata simu kabla hujafika kwenye kitenzi.

Jina limehifadhiwa

Wanaokumbuka kurasa za barua za wasomaji watakumbuka maneno hayo chini ya barua kali. Mhariri alimjua mwandishi, msomaji hakumjua. Mhariri aliweza kumpigia akamuuliza ushahidi uko wapi, na kama ni uongo barua haikutoka. Huu mtindo umesahaulika, nao ndio ningeupendekeza kwa grupu lolote la mtaa au la wakulima linalotaka kujadili jambo linalogawa watu.

Unaendeshwa hivi. Mnachagua watu wawili au watatu wa kupokea hoja. Msichague wa upande mmoja: awepo anayejulikana kuwa wa CCM, awepo wa upinzani, na kama mna bahati awepo mtu ambaye wote wawili wanamheshimu, pengine mwalimu mstaafu au mama anayetunza daftari la vikoba bila kuibiwa hata shilingi. Mwenye hoja anamtumia mmoja wao, anayemwamini. Yule anahakiki, anauliza maswali, kisha anaiweka grupuni kwa jina la kubuni ambalo mwenye hoja ataendelea kulitumia. "Mkulima wa Nne" leo, "Mkulima wa Nne" mwezi ujao. Akibishiwa anajibu kwa njia ile ile.

Katika mjadala wa lumbesa tofauti inaonekana haraka. Hoja ya "Mkulima wa Nne" kwamba anakubali kilemba kwa sababu dalali ndiye aliyemkopesha mbolea haiwezi kusemwa na mtu mwenye jina lake. Ikishasemwa, wanaobishana wanagundua kwamba tatizo ni mkopo wa pembejeo, gunia linafuata tu. Hapo hata mwanachama wa chama tawala na wa upinzani wanajikuta wana dalali mmoja.

Udhaifu wa mtindo huu ni mkubwa na lazima usemwe: imani yote inahamia kwa anayeshika majina. Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na kushitakiwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo ya kesi hizo. Usimpe mtu wa mtaani mzigo kama huo. Mpokeaji asiandike orodha ya majina popote, afute ujumbe akishauweka grupuni, na hoja zinazomtaja mtu kwa tuhuma za jinai asizipokee kabisa.

Hizo za jinai zina njia yake. Ukiwa na ushahidi wa rushwa, acha grupu, acha akaunti bandia, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, namba ya bure. Ipo pia sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Kuanika tuhuma grupuni kwanza kunampa mtuhumiwa muda wa kuficha nyaraka na kukupa wewe kesi.

Basi uchague vipi

Ukitaka hesabu za fedha, nenda mkutanoni, simama, taja jina lako, uliza mapato na matumizi. Swali la hesabu halina chama na ni haki yako kwa sheria. Hapo jina lako ni nguvu. Nenda na jirani wa chama kingine, mkaulize pamoja.

Ukitaka kubishana sera, siasa, katiba, nani alifanya nini bungeni, chukua jina bandia moja na ukae nalo miaka. Usilibadilishe ukishindwa hoja. Ukilichafua kwa matusi, halitakuwa na thamani kuliko akaunti ya wiki mbili.

Ukitaka kujua watu wanataka nini kweli, usipige kura WhatsApp. Telegram ina kura isiyoonyesha majina, na karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia zinafanya kazi ile ile bila bando. Karatasi ina faida zaidi: kila mtu anaona zikihesabiwa, na mzee asiye na simu janja anashiriki. Ziandikwe kwa kalamu ya rangi moja, au wekeni tiki tu, maana mtaani watu wanajuana hati.

Angalia na idadi. Kwenye grupu la watu saba kura ya siri si siri sana. Matokeo yakiwa sita kwa moja, kila mtu atajua huyo mmoja ni nani kabla hamjafika nyumbani. Subirini mfike watu kama ishirini, au unganisheni na wakulima wa mtaa wa pili, ndipo mpige.